Barua za Biashara: Kutoka Webuye Hadi Kipsongo

Bili au tangazo la biashara linapokufikia ndani ya bahasha, sehemu kubwa ya madhara yake kwa mazingira imeshatendeka kiwandani, kabla karatasi haijatiwa wino.

Kwa miaka mingi karatasi za Kenya zilitoka Webuye, kaunti ya Bungoma. Kiwanda cha Pan Paper kilianza kazi 1974 kando ya mto Nzoia, kikafungwa 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa kampuni za Rai. Ili kupata karatasi, magogo hukatwakatwa na kuchemshwa kwa dawa mpaka nyuzi za mti ziachane. Dawa zenye salfa hutoa uvundo, na maji machafu yanahitaji kusafishwa kabla ya kurudi mtoni. Wakazi wa Webuye walilalamika miaka na miaka juu ya harufu, maji ya mto, na mabati ya nyumba zao kuliwa na kutu.

Tupige hesabu. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ina uzito wa gramu 5. Biashara yenye wateja 1,000, kila mmoja akitumiwa karatasi mbili kwa mwezi, humaliza kilo 120 kwa mwaka. Ikichapisha pande zote mbili, ni kilo 60. Bahasha hatujazitia.

La kufanya ni haya:

Kwanza, anayekubali bili kwa simu atumiwe kwa simu.

Pili, safisha orodha ya anwani. Ondoa waliohama na waliofariki.

Tatu, tumia karatasi iliyotengenezwa kwa karatasi kuukuu, na bahasha ndogo isiyo na dirisha la plastiki.

Nne, karatasi iliyokwisha kazi isichanganywe na taka za jikoni. Kipsongo, mtaa wa mabanda mjini Kitale, kaskazini mwa Webuye, wako wanaotafuta riziki kwa kuokota taka na kuuza. Kwao karatasi nyeupe kavu ni pesa. Iliyorowa mchuzi hainunuliwi. Zenye habari za wateja zichanwe kwanza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka hifadhi.

Nasi wenye maduka na ofisi huku pwani hatuna udhuru, israfu ni israfu popote. Tuanze na orodha ya anwani wiki hii. Kuisafisha hakuna gharama.