Kutoka santuri za Nairobi hadi mitambo ya Beijing

Mwaka 1970 Morogoro Jazz Band ilisafiri hadi Japani kupiga muziki kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Mbaraka Mwinshehe akiwa na gitaa lake. Bendi ya mji ulio chini ya Milima ya Uluguru ilifika huko wakati santuri zilikuwa hazitengenezwi nyumbani. Kutoa santuri kulimaanisha kuitegemea Nairobi. Kipaji kilikuwa cha Moro, mtambo wa watu wengine.

Siku hizi mtambo uko China. Mwaka 2011 Cheng Yixiao alianzisha programu ya kutengeneza picha zinazotembea, ambayo baadaye ikawa Kuaishou na kupendwa sana vijijini na katika miji midogo ya huko. Mwaka uliofuata Zhang Yiming akaanzisha ByteDance mjini Beijing. Bidhaa yake kubwa ya mwanzo, Toutiao, ilikuwa ya habari: ilitazama msomaji anasoma nini, ikamletea zaidi ya hayohayo. Ujuzi huo ukahamia kwenye Douyin mwaka 2016, kisha TikTok, ya soko la nje, mwaka 2017. Novemba ya mwaka huo ByteDance iliinunua Musical.ly ya Shanghai, na Agosti 2018 ikaiunganisha na TikTok.

Huku kwetu simu ndiyo iliyotangulia. Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, itel na Infinix, iliuza simu za bei nafuu, za laini mbili, zenye kamera iliyorekebishwa ili ngozi nyeusi ionekane vizuri. Baadaye ilikuja pia Vskit, programu ya video fupi ya Transsnet, kampuni ambayo Transsion iliiunda pamoja na NetEase kwa ajili ya Afrika. Simu zilidumu mikononi mwa watu. Vskit ikazidiwa na TikTok.

Ushahidi wa nguvu ya video hizi uko jirani na Morogoro, upande wa Chalinze, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Kili Paul na dada yake Neema, wakiwa na mavazi yao ya Kimaasai, walifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja redioni. India ilikuwa imeipiga marufuku TikTok tangu Juni 2020, kwa hiyo mashabiki wa huko waliwaona hasa kupitia Instagram, ambayo nayo ilikuwa imeiga mtindo huo wa Wachina.

Mjini Morogoro kazi yenyewe ni ya kuonea wivu kwa wepesi wake. Kijana anapanda Morningside, mlimani Uluguru, kwenye lile jengo la enzi za Wajerumani, anaegemeza simu kwenye jiwe, anachagua wimbo, anacheza huku mji wote ukiwa nyuma yake. Akirudi chini anatafuta bando la kurushia. Hakuna mkuu wa kituo cha redio wa kumbembeleza, na hilo ni jambo kubwa. Mbaraka hakulipata.

Ila kwenye fedha tumerudi palepale. TikTok ilianza kuwalipa watengenezaji wa video Marekani mwaka 2020, na mpango wake mpya wa 2023 ulichukua nchi chache, Tanzania haikuwamo. Watazamaji wanahesabiwa Morogoro kama wanavyohesabiwa London, matangazo yanauzwa, na aliyecheza analipwa na mwenye duka la nguo aliyemwomba amtangazie, kwa bei waliyopatana mdomoni.