Wakipsigis, Wageni na Kicheko: Nani Huwakilishwa katika Vichekesho vya Kenya?

Tangu enzi za Sauti ya Kenya, vichekesho vya televisheni nchini vimeishi kwa kukutanisha makabila. Katika Vitimbi, Vioja Mahakamani na Plot 10, lafudhi ilimtambulisha mhusika kabla hajaeleza shida yake. Mtazamaji Mkipsigis wa Kericho au Bomet alielekezwa ajione katika Masanduku arap Simiti, mhusika wa Sammy Muya, ambaye jina lake lilibandika bidhaa za dukani juu ya ubini wa Kikalenjin. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, na uigaji wa Rais Moi ukawa kivutio chao kikubwa. Moi alikuwa Mtugen wa Baringo, lakini sauti yake iliyoigwa ikageuka kuwa sauti ya kila Mkalenjin, hata Mkipsigis wa Sotik au Litein. Nashikilia kwamba huko kulikuwa kusikika tu. Kuwakilishwa kunaanza pale mhusika anapopewa jirani, kazi na historia, na anapoweza kumjibu anayemcheka.

Wapo watakaosema kwamba kichekesho hukuza mambo makusudi, na kwamba Mkikuyu, Mjaluo na Mluhya nao walitaniwa vivyo hivyo. Ni kweli, na sidai kwamba mwigizaji lazima awe wa damu ya mhusika wake. Mwigizaji Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na mhusika wake wa Kijaluo, Mzee Ojwang', akapendwa na Wajaluo wenyewe. Lakini Ojwang' alikuwa na mkewe, Mama Kayai, wa kubishana naye wiki baada ya wiki, kwa hiyo tulimjua kama mume na mtu wa watu, si lafudhi peke yake. Utani wa kwetu Afrika Mashariki umekuwa na sharti hilo siku zote: mtani hujibu. Anayetaniwa bila nafasi ya kujibu anasimangwa.

Wakipsigis wenyewe wametuachia mfano bora wa kumchezea mgeni. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo linatokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika huku kwa sahani za santuri. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimwaza kuwa nusu mtu, nusu paa, kisha wakamwalika acheze nao. Mgeni amegeuzwa kiumbe cha ajabu, naam, ila amepewa nafasi uwanjani. Zaidi ya miongo sita baadaye rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet, na huo ni urithi ambao waandishi wetu wa vichekesho wangefaa kuusomea.

Mandhari ya kuufanyia kazi ipo tayari. Tangu miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay walipoanzisha mashamba ya chai Kericho, kambi za wafanyakazi zimewakusanya Wakisii, Wajaluo, Waluhya na Wakipsigis. Walichuma majani pamoja, wakapanga foleni moja kwenye mizani, wakamlalamikia mnyapara yule yule. Vurugu za kikabila za 1991 na 1992, kisha zile zilizofuata uchaguzi wa 2007, ziliwatawanya wengi wao. Kichekesho cha marafiki wa zamani wanaokutana tena kinahitaji watu wenye siku za nyuma za pamoja, na hapa wapo. Lakini vipindi nilivyovitaja vilikaa mahakamani na katika nyumba za kupanga za mjini.

Huenda mtu akasema majeraha hayo bado mabichi mno kuchekewa. Naona hatari kubwa zaidi katika kunyamaza, kwa sababu tusipopewa kisa cha jirani tunabakiwa na lafudhi yake, na mwaka 2008 lafudhi ilitosha kumponza mtu njiani. Redio za Kikalenjin kama Kitwek na Chamgei zimempa Mkipsigis ulingo wa kujisemea, jambo jema, ila humo mchumaji wa Kisii aliyelala nyumba ya pili kambini hawezi kumjibu. Kisa chao wote kinahitaji Kiswahili cha kambi, chenye b na p zinazobadilishana vinywani mwa baadhi yao, na mwandishi anayejua ugomvi wa mizani ulivyokwenda, nani alikimbia usiku, na nani alibaki na ufunguo wa nyumba ya mwenzake.