Kufuru kwa Kipimo cha Nani?

Wanafunzi wa sasa huenda hawajui kwamba katika Marekani, nchi inayosifiwa sana kwa uhuru wake, zamani sinema haikuhesabiwa kuwa maoni ya mtu. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba sinema ni biashara tu, haiingii katika ulinzi wa uhuru wa kusema. Basi majimbo kadhaa yakaweka wakaguzi, na pasipo kibali chao filamu haikuonyeshwa. Sheria ya jimbo la New York ilikataza, pamoja na mambo mengine, filamu yenye kufuru.

Kando ya wakaguzi ulikuwapo mkono wa dini. Kuanzia mwaka 1934 Wakatoliki kwa mamilioni waliapa kutotazama filamu zilizolaaniwa na chama cha kanisa lao cha kulinda adabu. Matajiri wa Hollywood, wakihofia mifuko yao, wakatii. Hata busu likawekewa mipaka. (Sisi tuliokaa bwenini twamkumbuka mwalimu wa zamu aliyekuwa akipeleka mbele mkanda wa video, ukumbi mzima ukaguna, kisha kila mmoja akaenda kulala na kipande alichojitungia mwenyewe, kibaya kuliko kile kilichorukwa.)

Mimi sioni ubaya wa kiapo kile. Muumini ana haki ya kujinyima, kama anavyofunga. Ugomvi huanza pale kiapo cha baadhi kinapotakiwa kiwe sheria ya wote, na ndivyo ilivyotokea kwa filamu moja ya dakika kama 40 tu.

Filamu hiyo ni Il miracolo, yaani “Muujiza”, aliyoitengeneza Mwitaliano Roberto Rossellini mwaka 1948. Anna Magnani anaigiza mwanamke fukara, mchunga mbuzi, ambaye akili zake si timamu. Anakutana na mpita njia na kumdhania kuwa ni Mtakatifu Yosefu. Yule bwana anamlewesha kwa mvinyo. Baadaye maskini yule anajikuta ni mja mzito, naye anaamini kwa moyo wote kwamba ni neema ya Mungu. Wanakijiji wanamcheka, wanamdhihaki, wanamfukuza. Anajifungua peke yake, kanisani, juu mlimani.

Wakaguzi wa New York waliipa kibali, ikaanza kuonyeshwa Desemba 1950. Januari 1951 Kardinali Francis Spellman akailaani, na tamko lake likasomwa makanisani. Waandamanaji wakajipanga nje ya ukumbi. Mwezi wa Februari halmashauri ya elimu ya jimbo, iliyowasimamia wakaguzi, ikafuta kibali: kufuru! Rossellini alimpelekea Kardinali simu ya maandishi, akaeleza kwamba watu katika filamu yake hawana huruma kwa sababu hawajamrudia Mungu, lakini Mungu yumo tayari katika imani ya yule mwanamke anayeteswa. Nakubaliana naye. Kama kufuru imo, basi imo katika vicheko vya wanakijiji.

Msambazaji wa filamu, Joseph Burstyn, mhamiaji kutoka Poland, alishindwa katika mahakama za New York akakata rufani. Tarehe 26 Mei 1952 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakampa haki. Jaji Tom Clark aliandika kwamba sinema ni chombo muhimu cha kueneza mawazo, na si kazi ya serikali kuikinga dini yoyote na maoni isiyoyapenda. Jaji Felix Frankfurter alipekua kamusi za karne nyingi akitafuta mipaka ya neno hilo kufuru, asiipate. Mimi ninayeshika mihuri ya serikali kila siku namwelewa sana. Ofisa anaweza kukagua mlango wa dharura wa ukumbi wa sinema, akapima upana wake kwa futi. Kufuru ataipima kwa kitabu cha nani, cha Mkatoliki au cha jirani yake Mprotestanti?

Hata hivyo mahakama haikuwafukuza wakaguzi siku ile. Vibali vya New York viliendelea hadi mwaka 1965, na kanuni za Hollywood zikaachwa mwaka 1968. Burstyn hakuyaona hayo. Alifariki Novemba 1953, ndani ya ndege, akielekea Ulaya.