Haidrojeni Ikishaingia, Inakaa Wapi?

Mwaka 1866, huko London, mkemia Thomas Graham aligundua kwamba paladi, metali nyeupe inayofanana na fedha, humeza haidrojeni mara mamia ya ujazo wake. Graham, ambaye pia alikuwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha serikali, aliamini haidrojeni yenyewe ni metali. Akaipa jina *hydrogenium*, kisha akatengeneza medali za paladi iliyoshiba gesi hiyo. Alikosea, ndiyo, ila mimi nampenda kwa medali zile.

Swali likabaki: ikishaingia, inakaa wapi? Eksirei hazikusaidia, kwa sababu huona elektroni, na haidrojeni ina moja tu. Iweke kando ya paladi yenye 46 uone: kibatari pembeni ya taa za uwanja wa mpira.

Nyutroni, iliyogunduliwa na Chadwick mwaka 1932, hugonga kiini chenyewe. Lakini nani angezipata kwa wingi? Jibu likatoka kwenye vita. Kinu cha Oak Ridge, Tennessee, kilichowashwa Novemba 1943, kilijengwa kujaribu utengenezaji wa plutonia ya bomu. Ernest Wollan akachukua mwale wa nyutroni za kinu hicho na kuuelekeza kwenye fuwele. Mwaka 1946 Clifford Shull akajiunga naye.

Mwaka 1948 wakachapisha kazi yao, pamoja na wenzao, juu ya haidraidi ya sodiamu. Haidrojeni ya kawaida hutawanya nyutroni ovyo, picha inajaa ukungu. Basi wakatumia pia ndugu yake mzito, deuteri. Kumbe atomi zimepangika kama katika chumvi ya mezani! Paladi ya Graham ilisubiri hadi 1957, Shull na wenzake walipoonyesha kwamba haidrojeni hujibanza kwenye nafasi zilizozungukwa na atomi sita za metali.

Wanaotafuta matangi ya haidrojeni leo bado wanauliza swali lilelile, maana haidraidi nyingi ni nzito mno: ile ya lanthani na nikeli hubeba gesi kiasi cha asilimia 1.4 tu ya uzito wake.

Nobeli ilikuja 1994, kwa Shull na Bertram Brockhouse wa Kanada. Wollan alikuwa amefariki 1984, na tuzo hiyo haipewi marehemu. Shull mwenyewe aliandika kwamba lilimsikitisha sana.