Mvuje: uvundo uliovuka bahari kuja kufukuza mashetani

Muuza viungo anayeijua kazi yake haweki mvuje karibu na majani ya chai. Huutia kwenye chupa ya kioo, akaifunga kifuniko hadi mwisho na kuizungushia mfuko wa nailoni, na bado pua ya mteja huutambua kabla jicho halijauona. Ni mabonge ya utomvu mkavu, ya rangi ya kahawia iliyoingiwa na wekundu. Yananata ukiyaminya, na yananuka kitunguu saumu kilichooza pamoja na kiberiti. Katika miji ya pwani kipande chake, kidogo kama punje ya dengu, hushonwa ndani ya kitambaa cheusi na kufungwa mkononi mwa mtoto mchanga ili jicho la hasidi na mashetani wa usiku wampitie mbali.

Bibi aliyekifunga atakwambia hiyo ni dawa ya kienyeji, ya tangu mababu. Ya mababu ni kweli. Kwenye ukienyeji ndipo pana maneno. Mvuje hauoti Tanga, hauoti Mombasa, hauoti Pemba, pamoja na sifa zote za kisiwa hicho kwa uganga. Likague kapu la mganga wa pwani: ubani wa Dhofari na Somalia, udi wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, zafarani ya Uajemi ya kuandikia kombe, marashi ya mawaridi. Mizizi na magome ya porini yamo, tena mengi, lakini vinavyonukia na vinavyonuka sana, vile vyenye kazi ya kuita na kufukuza, vingi vimekuja na jahazi. Wazee wetu walijenga sehemu nzima ya uganga wao kwa bidhaa za dukani.

Mvuje umetoka mbali hasa. Mmea wake, ambao wataalamu huuita Ferula, ni wa ukoo mmoja na karoti, giligilani na bizari nyembamba, na unaota katika nyika kavu na vilima vya Iran na Afghanistan. Kwa miaka minne au mitano hauna cha kuonyesha ila majani yaliyochanikachanika karibu na ardhi, huku mzizi ukinenepa chini kimyakimya. Unapokaribia kutoa maua, wagemaji hufukua udongo kuuzunguka mzizi, hukata bua, kisha hufunika jeraha lisipigwe na jua. Maziwa meupe hutoka, yakapigwa na hewa yakawa ya waridi, halafu kahawia. Baada ya siku chache hukwanguliwa, mzizi ukakatwa tena ubapa mwembamba, maziwa yakatoka tena, na kazi huendelea hivyo kwa wiki nyingi hadi mzizi ukauke. Aliyemwona mgema akipunguza ncha ya karara asubuhi na jioni anaielewa kazi hii, isipokuwa mnazi hubaki hai na mvuje hufa.

Warumi waliufahamu, ingawa kwao ulikuwa wa kufidia tu. Kiungo walichokipenda ni silfio, mmea wa Cyrene katika Libya ya leo, ambao waliufuatafuata mpaka ukatoweka. Plinio, mwandishi aliyekufa mwaka 79, anasimulia kwamba bua moja tu lilipatikana katika zama zake, nalo likapelekwa kwa mfalme Nero. Waliokosa silfio waligeukia utomvu wa Uajemi, ambao askari wa Iskandari wa Makedonia walikuwa wameujua karne nne nyuma walipovuka milima ya Hindu Kush.

Uliletwaje kwetu? Bandari ya karibu na mashamba yale ni Bandar Abbas, kwenye mlango wa Ghuba. Mwaka 1794 Waomani waliikodi bandari hiyo kutoka kwa Waajemi, na wakaishikilia, kwa vipindi, hadi 1868. Maana yake ni kwamba Seyyid Said, aliyetawala Oman tangu 1806 na kuhamishia makao yake Unguja, alikuwa na mkono mmoja kwenye gati la mvuje na mwingine kwenye soko la karafuu. Askari wake wengi walikuwa Mabulushi, watu wa Makran, jirani kabisa na nchi ya mmea huu. Majahazi yalishuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi yakiwa na tende, papa mkavu, mazulia na vifurushi vya dawa. Kusi ikivuma yalirudi na boriti za mikoko, pembe na karafuu. Njia ya pili ilipita Bombay, kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na ndio waliokuja kufungua maduka hadi vichochoroni.

Hapo pana jambo linalonichekesha kila ninapolifikiria. Kwa Mhindi mwenye duka, mvuje ulikuwa chakula. Wahindu wengi wa madhehebu yasiyokula kitunguu, pamoja na Wajaini, huutia chembe kwenye samli ya moto, uvundo ukageuka papo hapo kuwa harufu ya kitunguu kilichokaangwa, kisha wakamiminia dengu. Mteja wake Mswahili alinunua bonge lilelile, akalipeleka nyumbani, na wala halikufika jikoni. Ukuta mmoja unatenganisha nyumba mbili, huku mvuje uko sufuriani, kule uko kwenye mkono wa mtoto.

Kwa nini tulichagua uvundo? Jibu limo katika mpangilio wa uganga wenyewe, ambao unaendeshwa na pua. Rohani, pepo wa heshima wa Kiarabu, hupenda vinukiavyo: udi, ubani, marashi, nguo nyeupe. Akitakiwa kuja, chetezo hutiwa makaa na nyumba ikafukizwa. Basi kama harufu nzuri huita, harufu mbaya lazima ifukuze. Ni hesabu inayojitosheleza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliandika habari za pepo, waganga na ngoma zao katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Ukimsoma unaona kila pepo ana kabila lake, chakula chake na masharti yake. Si vurugu hata kidogo.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyowafanya watu wamfukize mtoto mwenye degedege kwa mavi ya tembo. Na hapa mzaha unakwisha. Degedege mara nyingi ni malaria kali iliyopanda kichwani. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa 1996 ulieleza jinsi wazazi walivyoichukulia kuwa ugonjwa wa shetani, wakaanza na tiba za asili, wengine wakiamini kwamba sindano ingemuua mtoto. Saa zinazopotea kwenye moshi ni zile ambazo dawa ya malaria ilikuwa na kazi ya kufanya. Mvuje mkononi haumzuii mtu kwenda zahanati. Moshi uliowekwa mahali pa zahanati umezika watoto.

Serikali za kikoloni ziliutazama uganga kwa jicho jingine. Kenya ilipata sheria yake ya uchawi mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, zikilenga wanaojidai kuwa na nguvu hizo na vifaa vyao. Kwa hakimu hilo lilikuwa jambo gumu kidogo: mvuje ukiwa kwenye chupa ya duka ni kiungo kilicholipiwa ushuru, ukishonwa kwenye kitambaa cheusi je? Muuza duka aliendelea kuuza. Tanzania Bara baadaye ilitenganisha mambo, ikatunga mwaka 2002 sheria ya tiba asili na tiba mbadala inayomtaka mganga ajisajili.

Tusijione peke yetu lakini. Wajerumani huuita mvuje mavi ya shetani, na Wafaransa vivyo hivyo. Katika kusini ya Marekani watoto walivaa vifuko vyake shingoni. Wazee waliowahi kuwa watumwa walivitaja walipohojiwa na waandishi wa serikali kati ya 1936 na 1938. Homa kubwa ya mafua ilipopita mwaka 1918, hata watu wazima wa mijini walivitundika.

Mwaka 2009 watafiti wa Taiwan walichapisha kwamba baadhi ya kemikali za mvuje zilizuia kirusi cha mafua cha H1N1 katika vyombo vya maabara. Habari hiyo imesambazwa na wauza dawa kwa furaha kuliko inavyostahili, kwani chombo cha maabara si kifua cha mgonjwa, na aliyevaa kifuko hakumeza chochote. Isitoshe, kumeza ndiko kwenye hatari kwa mtoto mchanga. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliripoti kisa cha mtoto wa wiki tano aliyepewa mvuje uliochanganywa na gliserini kutuliza tumbo; damu yake ilishindwa kubeba oksijeni sawasawa. Anayetaka kumfunga mwanawe kitambaa, shauri yake. Kumlambisha ni jambo jingine kabisa.

Mimi nina dhana yangu kuhusu kitambaa hicho, nayo ni dhana tu: mtoto anayenuka mvuje habusiwi na kila mgeni. Katika siku arobaini za kwanza, wakati kila shangazi na jirani anataka kumbeba na kumpumulia usoni, hilo si jambo dogo.

Mvuje wa siku hizi nao si ule wa jahazi. Unaouzwa kama unga kwenye vikopo vya plastiki umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele na gundi, utomvu wenyewe ukiwa sehemu ndogo, kwa hiyo mashetani kadhaa wa leo wanakimbia ngano. India, mlaji mkubwa kuliko wote, huagiza karibu tani 1,200 za utomvu ghafi kwa mwaka kutoka nje, hasa Afghanistan, Iran na Uzbekistan. Oktoba 2020 wanasayansi wake walipanda miche ya kwanza katika bonde la Lahaul, kwenye milima ya Himalaya, kwa mbegu kutoka Iran. Ardhi baridi na kavu ndiyo iliyotafutwa, maana mmea huu hautaki joto la unyevu kama la pwani yetu. Mvuje wa Mswahili utaendelea kuja na meli.