Mali Bila Daftari: Makerere, Kompyuta na Makadirio ya Fedha

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu sisi walimu wa Kiswahili huifafanua methali hii kwa mfano wa mwenye duka asiyeandika mauzo yake, akashtukia rafu zimebaki tupu. Katika makala haya nimekusudia kuipeleka mbali na duka, hadi penye wasomi wenyewe, ili tuone jinsi chuo kikuu kilivyohangaika kuzipangia fedha zana zake za elimu. Chuo nilichokichagua ni Makerere, kwa kuwa historia yake ni historia yetu sote tuliopata elimu nchini Uganda.

Neno letu la zamani kwa jambo hili ni zuri kuliko lile la siku hizi. Tunasema bajeti, lakini wazee wa ofisi walisema makadirio ya mapato na matumizi. Kukadiria ni kupima kwa akili kitu ambacho bado hakijafika. Anayekadiria hana budi kuona mbele, wala hatoshelezwi na kuhesabu kilichomo mkobani leo.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Zana za siku hizo zilikuwa nyundo, msumeno na randa. Nyundo njema ikinunuliwa mara moja huweza kumtumikia fundi hadi akairithisha kwa mwanawe. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikaungana na ndugu zake wa Nairobi na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake. Muda huo wote desturi ya fedha haikubadilika sana. Serikali ilikuwa baba, nacho chuo kilikuwa mwana. Makadirio yalikuwa barua ya maombi kwa Hazina, na Hazina ilipojibu, chuo kilitumia.

Desturi hiyo iliponza chuo baba alipofukarika. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1971, na hasa baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, uchumi wa Uganda ulianguka na walimu wengi wa chuo wakakimbia. Bei zilipanda hata makadirio yaliyopitishwa mwezi wa Julai yakawa hayana maana ifikapo Desemba. Mwaka 1987 mfumko wa bei ulifika takriban asilimia 200. Mwaka huo huo fedha mpya ilitolewa: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa kuwa kodi. Msomaji na ajiulize ni mhasibu gani awezaye kupanga miaka mitano mbele katika hali kama hiyo.

Lakini ni katika miaka hiyo hiyo ya dhiki, mwaka 1985, Makerere ilipoanzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta. Wenye kuianzisha waliona mbali, nami nawapa heshima yao. Hata hivyo, kompyuta si nyundo. Huzeeka ikiwa ingali mezani haijaharibika. Hudai umeme usiokatika, vipuri vya kigeni vinavyonunuliwa kwa dola, na fundi ambaye naye lazima alipwe, la sivyo atahamia penye mshahara bora. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kompyuta ni mwana asiyeacha kunyonya.

Jirani zetu wa Tanzania waliligundua jambo hili mapema. Serikali yao ilikuwa imetia kompyuta katika hesabu za Hazina tangu miaka ya 1960. Fedha za kigeni zikateketea, na hesabu zenyewe zikavurugika. Mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wako wanaolicheka agizo lile leo. Mimi silicheki, ingawa naamini lilipita kiasi na liliwachelewesha wasomi wa huko. Walikuwa wameuliza swali la haki, yaani nani atailea mashine hii, nao walipokosa jibu wakafunga mlango.

Uganda haikufunga mlango, bali ilibadilisha mlipaji. Serikali ilipoamua kupunguza posho za wanafunzi, wanafunzi waligoma, na mwezi wa Desemba mwaka 1990 wawili kati yao waliuawa kwa risasi chuoni Makerere. Hatuna haki ya kuzungumzia mageuzi ya fedha ya chuo hiki bila ya kuwakumbuka. Kuanzia mwaka 1992 chuo kiliruhusiwa kupokea wanafunzi wanaojilipia karo, na masomo ya jioni yakaanzishwa. Ilipofika mwaka 1999, zaidi ya theluthi mbili ya wanafunzi walikuwa wakijilipia. Wengine, hasa wafadhili wa nje, waliyasifu mageuzi hayo kuwa mapinduzi ya kimya. Wengine waliyalaumu, Profesa Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alidai kuwa soko liliingia hata darasani likawa ndilo liamualo nini kifundishwe. Kila upande una ukweli wake. Karo zilirudisha uhai, lakini ziligawanywa baina ya uongozi na vitivo, na kitivo chenye wateja wengi kilineemeka huku idara zenye wanafunzi wachache, zikiwemo za lugha, zikisinyaa.

Na mashine je? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa na mradi ulioitwa ESANET kwa fedha za Shirika la Kanada la IDRC. Barua zilikusanywa katika kompyuta, kisha zikatumwa kwa mafungu kwa waya wa simu. Njia ile ilikuwa ya polepole, lakini ililingana na mkoba wa mtumiaji. Ndipo ikaja intaneti ya satelaiti, yenye gharama kubwa ya kila mwezi, na chuo kizima kikagawana njia nyembamba kuliko ile inayotumiwa na nyumba moja ya mjini leo. Kuanzia mwaka 2001 Makerere ikawa na sera na mpango mkuu wa teknolojia ya habari, na Sweden ikawa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa kuutekeleza.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika vitabu vya hesabu kuna kasma mbili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Mfadhili hupenda ya kwanza, kwa kuwa ina utepe wa kukata na picha ya kupiga. Ya pili, yenye umeme, wino, vipuri na mishahara ya mafundi, huachiwa chuo na karo zake. Kompyuta huzaliwa katika kasma ya kwanza na kufa katika ya pili. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu niliyaona haya kwa macho yangu. Chuo chetu, ambacho sitakitaja, kilipewa kompyuta ishirini kwa shangwe na ngoma. Mwaka wa pili zilizowaka hazikuzidi tisa. Mwaka wa tatu chumba kilifungwa kwa kufuli, nasi tukawa tunachungulia dirishani. Hakuna aliyeiba. Ni kwamba hakuna aliyeandika fungu la kuzitunza.

Ahueni ilikuja kwa njia ya ushirika. Mwaka 2006 uliundwa mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti za Uganda, uitwao RENU, ili wanaonunua mmoja mmoja kwa bei ya juu wanunue pamoja. Mwaka 2009 kebo za chini ya bahari zikafika Mombasa, na njia ya bara ikashuka bei. Hilo nalo ni fundisho la makadirio: bei ya kitu hutegemea pia unakwenda sokoni na nani.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Makerere lilishika moto, likateketea paa na sehemu kubwa ya ndani, pamoja na nyaraka. Nilipoziona picha zile niliikumbuka methali niliyoanza nayo. Daftari lenyewe nalo ni mali, na kulihifadhi kunahitaji fungu lake katika makadirio.

Sasa hayo yatufae nini sisi walimu wa Kiswahili? Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Bila shaka tutaahidiwa maabara za lugha, vinasa sauti na kompyuta. Tusiridhike na kupiga makofi. Tuombe nafasi katika kamati za fedha za shule na vyuo vyetu, na kila zana inapoletwa tuulize maneno matatu: itagharimu kiasi gani kila mwaka, fedha hizo zimeandikwa katika kasma ipi, na itakapochakaa nani atanunua nyingine. Anayeshindwa kuyajibu hajakadiria bado, ametamani tu. Tuyaulize kwa adabu, lakini tuyaulize kabla ya utepe kukatwa.