Grafu ya mwendo: mfano wa treni Miasenyi

Kituo cha Miasenyi, kilichoko kati ya Mariakani na Voi kwenye reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka wa 2017, chafaa sana kumfunza mwanafunzi kusoma grafu za mwendo. Mhimili wa wima huonyesha umbali kutoka Mombasa. Ule wa mlalo, wakati. Treni ya abiria ikienda kilomita 120 kwa saa, humaliza kilomita 20 kwa dakika 10. Ya mizigo, kwa kilomita 80 kwa saa, huhitaji dakika 15. Mstari wa abiria basi huwa mkali zaidi, kwani mwinamo ndio kasi.

Wengi hukosea hapa, wakidhani mstari unaopanda ni treni inayokwea mlima. La hasha! Mstari wa mlalo ni treni iliyosimama. Unaoshuka ni treni inayorudi Mombasa, hata ikiwa inapanda kilima.

Je, mistari miwili ikikutana? Treni zote mbili zi mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa baina ya vituo kuna njia moja tu, sharti zikutane kituoni, mfano Miasenyi, moja ipishe nyingine kwenye njia ya pembeni. Mistari ikikatana penginepo, mpangaji ameandika ajali.